Usipeleke bloku ya DT kuchongwa kabla pistoni haijawa mkononi

Mkuu wa Muheza mwenye pikipiki ya Yamaha DT175, kama bloku, yaani silinda ya injini, bado iko kwako, iache hapo hapo. Usimpe fundi kesho. Umeandika kwamba umeinunua kwa bwana shamba mstaafu, inatoa moshi mwingi, ikipata moto mlio unapanda wenyewe, na fundi wako amesema mchonge bloku hadi hamsini, yaani ipanuliwe kwa milimita 0.50, "halafu pistoni tutatafuta". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niache kazi nijibu sasa hivi. Ni yale yale niliyoambiwa hapa Ngamiani, Tanga mjini, wakati naifufua yangu, na yalinitoa pesa ambayo ningenunua bodaboda iliyotumika nikabaki na ya petroli.

Kanuni ni moja, na kila mwenye pikipiki ya zamani namwambia hivi: pistoni kwanza, bloku baadaye. Bloku inachongwa kuifuata pistoni iliyoko mezani. Haichongwi kuifuata namba iliyoko kichwani mwa fundi. Chuma kikishakwanguliwa hakirudi. DT175 standard ina upana wa silinda wa milimita 66 na mwendo wa pistoni wa milimita 50, ndiyo inapatikana cc 171. Saizi za kupanda, kwa milimita, ni 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 (ndiyo "mia"). Kwa hiyo bloku ambayo haijaguswa ina nafasi nne za kuchongwa, na fundi anayerukia hamsini bila kupima ameshakutupia moja bila sababu. Je, amepima? Hukusema amepima. Najua hajapima.

Yangu ilikuwa ya msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Korogwe. Ilikaa bandani miaka, fremu nzima, kadi ipo, injini inazunguka lakini haina nguvu. Fundi niliyempa alikuwa hodari kweli wa bodaboda, hilo simnyang'anyi. Tatizo bodaboda zote ni foustroku, yaani injini ya mipigo minne, na injini ya tustroku, ya mipigo miwili kama DT, ina mambo yake. Akasema pistoni za DT zimejaa Kariakoo, tusipoteze muda. Bloku ikaenda karakana, ikachongwa hamsini, ikarudi inang'aa ndani mpaka unajiona uso. Ndipo msako ukaanza. Tanga mjini hakuna. Madukani mtaa wa Gerezani, Dar, zipo standard na zipo za mia, hamsini hakuna. Ndugu yangu anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa akaulizia kule, hakuna. Bloku tayari ni 66.50. Kurudi nyuma haiwezekani, na kusonga mbele hadi mia ni kuimaliza kabisa.

Hapo ndipo muuzaji mmoja wa Dar alipopiga simu kwamba ameipata. Boksi limeandikwa DT, kichwani mwa pistoni pamegongwa 0.50. Nikatuma pesa, ikaja kwa basi. Fundi akaitumbukiza kwenye bloku, akaisukuma kwa dole gumba, akasema "imekaa". Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Dole gumba!

Sasa angalia kilichokuwa kimejificha. DT hizi zina vale ya ridi nyuma ya bloku, vile vibati vyembamba vinavyofunguka kuruhusu hewa na petroli kuingia. Kwa sababu hiyo sketi ya pistoni upande wa kabureta ina madirisha, ili mchanganyiko uendelee kupita hata pistoni ikiwa imeshuka. Niliyouziwa ilikuwa na sketi nzima, haina dirisha hata moja. Ilitoka kwenye injini nyingine kabisa, ikatiwa boksi la DT. Pikipiki ikawaka, lakini nzito, inakohoa. Fundi akahamia kwenye kabureta, akabadilisha jeti, akakaza skrubu ya hewa, akalegeza, siku nzima. Na la pili, ambalo ndilo lililoua: bloku ilikuwa imechongwa 66.50 kamili kwa namba, na pistoni nayo ilikaribia namba hiyo hiyo. Nafasi kati yake haikuwepo. Pistoni ni aluminiamu, bloku kwa ndani ni chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka zaidi ya chuma. Kwenye tambarare inavumilia. Nikaipeleka mlima wa Amani.

Kwenye kona za juu, gia ya pili, injini ikajifunga. Tairi la nyuma lilisimama likaburuta kwenye changarawe, na kilichoniokoa ni kwamba vidole vilikuwa tayari kwenye klachi. Tulipoifungua, upande wa eksozi aluminiamu ilikuwa imepakwa ukutani mwa silinda, nyeupe, na ncha ya ringi imekatika imenasa kwenye tundu la eksozi. Ilikatika kwa sababu karakana haikuvunja makali ya matundu baada ya kuchonga. Kwenye foustroku hakuna matundu ukutani mwa silinda, hivyo mtu aliyezoea bodaboda hata halimjii wazo hilo. Kwenye tustroku ringi inapita juu ya matundu hayo kila mzunguko, na makali yakiachwa kama yalivyotoka kwenye mashine, ringi inajigonga hapo mpaka inakatika.

Mikwaruzo iliyobaki ukutani ilikuwa na kina kiasi kwamba hata mia isingeifuta. Ikabidi silivu, yaani ukuta mpya wa chuma ndani ya bloku. Silivu ya foustroku ni bomba tu, unalipiga ndani basi. Ya tustroku lazima ikatwe matundu ya eksozi, ya kupitisha na ya kuingiza, kila moja kwa urefu wake, maana ndiyo yanayoamua injini ivute lini na itoe lini. Ya kwanza waliyonikatia ilikuwa na tundu moja lililoshuka chini ya lile la bloku, unaingiza kidole unagusa ngazi. Ilitupwa. Iliyofuata ilifanywa na mzee mmoja mwenye mashine yake, ambaye aligoma kuigusa bloku mpaka nimletee pistoni. Yule mzee laiti ningemjua mapema!

Kwa yule muuzaji hasira yangu haijapoa na sitaki ipoe. Alijua. Mtu anayeuza pistoni kila siku hawezi kushindwa kutofautisha sketi yenye madirisha na isiyo nayo. Aliona mtu wa mkoani aliyekwama na bloku iliyokwisha kuchongwa, akajua huyu atanunua chochote kilichoandikwa hamsini. Biashara hiyo inaishi kwa kutegemea bloku zilizotangulia pistoni. Ukienda kwake na bloku isiyoguswa hana nguvu juu yako. Na mafundi wanaosema "zimejaa Kariakoo" bila kupiga hata simu moja wanamtengenezea wateja.

Fanya hivi. Osha bloku, ipeleke kwa mtu mwenye kipimo cha ndani chenye saa, si kalipa. Apime juu, katikati na chini, kisha kila sehemu apime mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, kwa sababu silinda hailiki sawasawa. Andika namba zote. Inawezekana kabisa ukakuta bado iko ndani ya kiwango cha kitabu na inataka ringi tu. Kama imelika, tafuta saizi ndogo kabisa itakayofuta sehemu iliyolika zaidi. Mara nyingi ni 0.25. Hiyo ndiyo saizi unayoitafuta kwanza, na kama haipatikani ndipo uulizie inayofuata. Muda wote huo bloku iko kabatini imepakwa oili.

Ukiulizia, usiseme "pistoni ya DT". DT ni ukoo mkubwa ulioanza na DT-1 ya 1968, na hata ndani ya 175 kuna zenye shokapu mbili nyuma na zenye moja iliyolala chini ya tangi. Soma herufi za kwanza za namba ya injini. Zile za toleo la DT175MX, kwa mfano, huanza na 2K4. Namba za spea za Yamaha zinakwenda kwa mafungu: fungu la kwanza ni modeli, la katikati ni aina ya kifaa. Pistoni ya standard fungu la katikati ni 11631, ya 0.25 ni 11635, ya 0.50 ni 11636. Mtumie muuzaji namba hiyo, halafu udai picha ya pistoni yenyewe, si ya boksi. Picha ya juu uone saizi na mshale, picha ya ubavu uone madirisha, picha ya mifereji ya ringi uone vile vipini vidogo vinavyozuia ringi isizunguke. Akikataa kupiga picha, mwache.

Ikifika, isimamishe mezani pembeni ya ile ya zamani. Linganisha kimo kutoka katikati ya tundu la pini hadi kichwani. Kikitofautiana, matundu yatafunguka kwa wakati mwingine, au pistoni itagonga hedi. Jaribu pini kwenye konrodi yako pamoja na beringi mpya ya sindano. Ikikubali yote hayo, chukua pistoni na bloku, vyote viwili, umpelekee mchongaji. Aipime pistoni karibu na chini ya sketi, kwa mkao wa kukatisha pini, halafu achonge kwa kuacha nafasi inayotajwa na kitabu. Ni sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, ndiyo maana dole gumba haliwezi kuipima. Mwambie avunje makali ya matundu yote, na simama uone akifanya. Ukirudi nyumbani ioshe kwa maji ya moto na sabuni, futa ndani kwa kitambaa cheupe, na rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Unga wa jiwe la kusugulia ukibaki unakula ringi mpya. Papo hapo paka oili. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, bloku ikilala kavu utaamka nayo ni nyekundu.

Halafu kuna hili, nalo linaweza kukuokoa usichonge kabisa. Moshi na mlio unaopanda wenyewe si lazima viwe vya bloku. Kranki ya tustroku ina oili sili mbili, moja upande wa klachi, moja upande wa magineto. Ya klachi ikifa, injini inanyonya oili ya giaboksi na kuiunguza, moshi mweupe mzito. Ya magineto ikifa, inanyonya hewa, petroli inakuwa chache, mlio unapanda, injini inachemka kupita kiasi na mwisho wake ni kujifunga. Pikipiki yako ina dalili zote mbili! Angalia kimo cha oili ya giaboksi, itumie kidogo, angalia tena. Kikishuka na chini hapavuji, unajua inakokwenda. Ukiweka pistoni mpya juu ya sili zilizokufa umeipeleka pistoni hiyo machinjioni. Sili ni za bei ndogo na hazihitaji duka la Yamaha: ubavuni zimeandikwa kipimo cha ndani, cha nje na unene. Beringi vivyo hivyo, 6203 ni 6203 popote duniani, ila kama ya zamani ina C3 mwishoni, alama ya nafasi ya ndani ya beringi, nunua yenye C3. Magineto itoe kwa kivutio chake (puller), asije mtu na nyundo, maana ncha ya kranki ikipinda tunaanza mazungumzo mengine.

Pampu ya oili usiiamini mpaka uione ikisukuma. Ikikaa miaka inajaa hewa, na pistoni yako mpya itakuwa kavu ndani ya dakika chache. Tangi la kwanza changanya mwenyewe lita 1 ya oili ya 2T, yaani ya tustroku, kwa lita 20 za petroli. Itafuka moshi, iache ifuke. Na iwe oili ya 2T kweli, usikubali kuwekewa ya foustroku eti zote ni oili.

Uliuliza pia rangi ya tangi na kugeuza taa ziwe za volti 12. Hayo yanasubiri, tangi haliharibiki zaidi ya lilivyo likikaa ndani. Bei uliyonunulia si mbaya kama kadi inalingana na namba iliyogongwa shingoni mwa fremu. Kama hailingani, mrudie bwana shamba kabla hujatumia shilingi nyingine.

Mpigie fundi leo usiku, mwambie kesho asije kuchukua bloku. Kisha weka hapa picha mbili: namba ya injini, na pistoni ya zamani upande wa kabureta, madirisha yaonekane. Nikiziona nitakwambia uulizie namba gani.