Muulize Fundi: Sabufa mbili na mdundo hamna

SWALI: Fundi mambo vipi, mi msomaji wenu niko Tabata. Nina Mark II GX100 ya mwaka 1998, ya zamani ndiyo lakini bodi bado kali. Nimefunga sabufa mbili za inchi 12, boksi nilinunua Kariakoo likiwa tayari tayari, na amplifaya imeandikwa wati 4000. Cha ajabu mdundo wangu ni mdogo kuliko wa Corolla ya jirani yenye sabufa moja!! Af usiku nikiongeza sauti taa za mbele zinafifia kwa kufuata biti, watu barabarani wanadhani nawapigia fulu. Nina laki 4 hapa, nataka niuze hizi nichukue inchi 15. Unanishauri vipi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo laki 4 iache mfukoni kwanza na usiuze kitu. Nilivyosoma tu "sabufa mbili na mdundo mdogo" nikacheka, maana nshakutana nayo hiyo mpaka siku hizi nikiletewa gari ya namna hiyo hata boneti sifungui, naenda moja kwa moja kwenye buti na betri ya saa ya ukutani mkononi, ile ndogo ya volti 1.5.

Fanya hivi. Zima kila kitu, chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, chukua sabufa ya kwanza, waya wa chanya gusisha kwenye kichwa cha betri na wa hasi kwenye kitako, mguso wa sekunde moja tu. Angalia ile koni ya mbele, itaruka kidogo kuja nje au itazama ndani. Rudia kwa ya pili. Zote zinatakiwa ziende upande mmoja. Kama moja inatoka na nyingine inaingia basi aliyekufungia aligeuza waya, kwa hiyo moja inasukuma hewa mwenzake anaivuta, zinauana zenyewe kwa zenyewe humo humo kwenye buti na wewe unabaki na kelele ya plate namba. Dawa yake ni kugeuza waya mbili, hulipi hata mia. (Kama boksi lina tundu moja la waya kwa sabufa zote mbili itabidi ufungue skrubu uzitoe, vinginevyo hutojua nani kakosea.)

Tuje kwenye hizo wati 4000. Kaka, hizo ni wati za kwenye boksi la karatasi. Geuza amplifaya uangalie fyuzi zake pembeni pale unapoingia moto, nakuta nyingi za aina hiyo zina fyuzi mbili za ampea 30. Jumla 60. Zidisha kwa volti 14 za gari ikiwa inaunguruma unapata wati 840, na hizo ndizo zinazoingia, sio zinazotoka! Amplifaya za kizamani za klasi AB karibu nusu inageuka joto ndio maana ukiishika baada ya safari inachoma, kwa hiyo kwenye sabufa zinafika wati 400 na kitu, basi. Ukitaka kununua amplifaya uliza RMS, yaani wati za kweli inazotoa mfululizo, muuzaji akianza kukuzungusha angalia fyuzi mwenyewe, fyuzi haina mdomo wa kudanganya. Za klasi D hazipotezi sana kama hizo na kwa gari ya zamani ndizo ningekushauri, maana altaneta za saloon za miaka hiyo nyingi zinacheza kwenye ampea 70 mpaka 100, na humo humo kuna taa, AC, feni, waipa, wote wanakula sahani moja.

Taa kufifia sasa. Betri yako iko mbele, amplifaya iko nyuma, waya unatembea kama mita 5 hivi. Najua umewekewa ule waya mwembamba unaokuja kwenye pakiti, geji 8 (geji ni unene wa waya, namba ikishuka waya unanenepa), tena umepakwa shaba juu ndani ni aluminiamu. Kwarua waya mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani ushajua. Geji 8 ya shaba tupu ikipitisha ampea 60 kwa mita 5 inapoteza nusu volti na kidogo njiani, ya aluminiamu inakaribia volti nzima. Ukiweka geji 4 ya shaba yenyewe upotevu unabaki robo volti. Laki 4 yako ianzie hapo. Na kabla ya waya wa nyuma, mwambie fundi aongeze waya tatu nene na fupi kule mbele: altaneta kwenda chanya ya betri (nao uwe na fyuzi yake), hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Gari ya mwaka 1998 zile waya za kiwandani zishaota kutu ya kijani ndani ya plastiki na huioni kwa nje. Nimeshaona taa zimeacha kufifia kwa hizo tatu tu, bila kugusa kingine.

Fyuzi kubwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Hili sitanii. Niliwahi kufunga gari ya mteja nikasahau kuweka raba kwenye tundu pale waya unapotoboa ukuta wa injini kuingia ndani, bati likaukata mdogo mdogo kama miezi miwili, siku ya siku likagusa shaba. Fyuzi ikakatika, hivyo tu, tukanunua nyingine. Bila ile fyuzi kapeti lingewaka na jamaa yumo ndani. Waya wa hasi nao uwe mfupi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae ndo ufunge, na kabla hujatoboa chungulia chini kwanza maana tanki la mafuta kwenye saloon nyingi liko huko huko chini au nyuma ya siti!

Boksi nimeliacha mwisho na pengine ndo mchawi wako namba mbili. Ya dukani mengi yanatengenezwa yapendeze. Gonga kwa ngumi, likilia kama dumu tupu ujue mbao nyembamba. Pitisha kijiti cha udi kinachofuka kwenye maungio huku mziki unapiga, moshi ukicheza sehemu ujue panavuja. Mimi kwako ningebaki na sabufa MOJA nzuri kwenye boksi lililozibwa la MDF (mbao ya unga ulioshindiliwa) ya milimita 18, ndani upana sentimita 50, kimo 35, kina 22, hapo unapata kama lita 35 baada ya kutoa nafasi ya sumaku, inatosha kwa inchi 12 nyingi ila soma karatasi yake. Kichujio cha besi kwenye amplifaya weka hezi 80. Inchi 15 kwenye umeme ulionao sasa hivi ni kumpa mwenye njaa kijiko kikubwa wakati sufuria haina kitu.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama wa Morogoro, kijana wangu kafunga mziki kwenye Corolla yangu, tangu hapo gari ikilala siku mbili haiwaki mpaka tusukume. Yeye anasema betri imechoka, nimenunua mpya na hali ni ile ile.

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. Betri haina kosa. Kwenye amplifaya kuna kiwaya chembamba kinachoamsha amplifaya pale redio inapowashwa na kuilaza pale redio inapozimwa. Mafundi wavivu wanakiunganisha moja kwa moja na moto wa betri, kwa hiyo amplifaya hailali usiku wala mchana. Usiku zima gari, toa funguo, subiri dakika mbili halafu angalia kwenye buti. Kama kile kitaa cha amplifaya bado kinawaka basi ndicho hicho. Mwambie kijana akitoe huko alikokifunga akipeleke kwenye waya wa redio ulioandikwa remote, kazi ya nusu saa, na betri akulipe yeye.

SWALI: Fundi redio yangu ni ile iliyokuja na gari kutoka Japan, inashika mpaka 90 tu na nyuma haina zile tundu nyekundu na nyeupe. Nikifunga sabufa itakubali?

JIBU: Itakubali. Kuna kikopo kidogo kinachogeuza waya za spika za nyuma kuwa hizo tundu, na amplifaya nyingine zinapokea waya za spika moja kwa moja. Lakini stesheni zetu zimejaa mpaka 108 na wewe unasikiliza mwisho 90, ningekuwa mimi ningebadilisha redio kabisa. Ukipitisha waya wa mziki uweke upande wa abiria na wa moto upande wa dereva, ukivichanganya utasikia mbu analia kwenye spika kila ukikanyaga mafuta.