HeroQuest: mnakufa kwa sababu ya zamu, si bahati mbaya

Mkuu, umesema kwenye HeroQuest, mchezo wa ubaoni wa mashujaa dhidi ya mazimwi, Mchawi wenu hufa kabla ya nusu ya misheni. Angalia nani anafungua mlango. Zamu huanza na aliyekaa kushoto kwa msimamizi wa mchezo, na mazimwi hucheza mwisho. Mlango ukifunguliwa na mchezaji wa mwisho, mazimwi yanapiga kabla wenzake hawajagusa dadu. Mkalisheni anayecheza Barbariani (shujaa mpiganaji) kushoto kwa msimamizi, afungue yeye.

Halafu msiingie chumbani kwa fujo. Hakuna kupiga kwa mshazari (silaha chache tu zinaruhusu), kwa hiyo mkibaki kwenye korido na kuziba mlango, zimwi moja tu ndilo linalowafikia. Mchawi akae nyuma: ana pointi 4 za mwili (uhai) na dadu 1 ya kushambulia, kazi yake ni uganga. Kadi za uganga ziko seti nne: yeye anachagua ya kwanza, Elfi (shujaa mwingine mwenye uganga) moja, zilizobaki mbili ni zake, jumla kadi 9. Azitumie basi! Wengi wanazibana hadi wanakufa nazo mkononi.

Kumbukeni pia dadu ya vita ina mafuvu 3 (fuvu ni pigo), ngao nyeupe 2 na nyeusi 1. Nyeupe huwakinga mashujaa, nyeusi mazimwi, na wapya huzichanganya sana.

Kuhusu hazina, ukipekua chumba unavuta kadi kwenye fungu: kadi ya zimwi la kuzurura (linalokushambulia) hurudishwa kwenye fungu, ya dhahabu hairudi. Kadiri mnavyopekua ndivyo fungu linavyozidi kuwa baya. Aliyebaki na pointi 2 za mwili asipekue.