Thomas More: shahidi au mtesaji?

SWALI: Shikamoo mhariri. Jumuiyani kwetu Kondoa tumebishana: mmoja anasema Mtakatifu Thomas More alifia dhamiri, mwingine anasema alichoma watu moto. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wana hoja. More alikuwa Kansela wa Uingereza, yaani waziri mkubwa wa mfalme, kuanzia 1529 hadi Mei 1532, na katika muda huo watu 6 walichomwa kwa uzushi, yaani kupinga mafundisho ya Kanisa. Hukumu ya uzushi ilitolewa na mahakama za Kanisa, serikali ikatekeleza. Hata hivyo More hakukaa pembeni: aliwasaka wauza vitabu vya Kiprotestanti, akahoji washukiwa nyumbani kwake Chelsea, na akaitetea adhabu hiyo kwa maandishi. Kuhusu madai kwamba aliwapiga watu viboko, mwaka 1533 alikiri kuamuru wachapwe wawili tu, mtoto mtumishi na mgonjwa wa akili. Hilo linauma, na msilifiche jumuiyani.

Kifo chake ni kesi nyingine. Mwaka 1534 alikuwa radhi watoto wa Anne Boleyn, mke mpya wa Mfalme Henry VIII, warithi kiti cha enzi. Alichokataa ni kiapo kilichoikana mamlaka ya Papa. Akanyamaza, akijitetea kwamba kisheria kimya ni ridhaa. Ushahidi wa Richard Rich, mwanasheria wa mfalme, ambao More aliuita uongo, ukambana. Alikatwa kichwa 6 Julai 1535. Roma ilimtangaza mtakatifu 1935, na Waanglikana wa Uingereza nao humkumbuka kila 6 Julai.