Seli za tumboni mwa kiinitete cha nzi: mbona uso unanywea, unapanuka, kisha unanywea tena?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Ninarekodi viinitete vya nzi wa matunda (Drosophila melanogaster) vyenye protini inayong'aa kwenye utando wa seli, picha moja kila sekunde 60. Mfereji wa tumboni (mkunjo unaozamisha seli za tumbo ndani) unapoanza, uso wa seli unanywea, unapanuka kidogo, kisha unanywea tena. Baadaye seli za katikati zinapotea pichani. Je, programu ya kupima inakosea? Ujazo wa seli unakwenda wapi? Na kwa nini viinitete vyangu vingi havijikunji kabisa?

Jibu: Kunywea na kupanuka huko ni kweli. Tatizo ni kwamba kwa picha moja kila dakika unaona vipande tu vya tendo lenyewe.

Saa 3 hivi baada ya yai kutagwa, kwa nyuzi 25 za Selsiasi, kiinitete kimefunikwa na safu moja ya seli zipatazo 6,000. Kila seli ina upana wa mikromita 6 au 7 na urefu wa takribani 35, nyembamba na zimesimama wima kama mabua katika tita. Upande wa tumbo kuna ukanda wenye upana wa seli 18 hivi na urefu wa seli 60 hivi, ambamo jeni za twist na snail zimewaka. Jeni hizo huanzisha ishara zinazopitia Rho1 (protini inayofanya kazi kama swichi) na kimeng'enya cha ROCK, na mwisho wake ni mayosini (protini inayovuta, kama ile ya misuli) kukusanyika kwenye uso wa nje wa seli na kuvuta nyuzi za aktini (protini ya kiunzi cha seli).

Wengi huichora mayosini hiyo kama kamba inayozunguka ukingo na kufumba mdomo wa gunia. Katika seli hizi sivyo. Hukusanyika katikati ya uso na kuvuta kingo kuelekea ndani, tena kwa mipigo. Adam Martin, Matthias Kaschube na Eric Wieschaus walilionyesha hilo mwaka 2009: mpigo mmoja hufuata mwingine baada ya sekunde 80 hivi kwa wastani, huku seli jirani zikiwa hazipigi kwa pamoja. Fikiria wavuvi wanaovuta juya: wanavuta, wanashikilia, wanavuta tena. Snail inahitajika ili mvuto wenyewe uwepo. Twist inahitajika ili kushikilia. Twist ikipunguzwa, seli hunywea kwa mpigo kisha hulegea na kurudi karibu na zilipokuwa. Kwa hiyo usipime tu uso ulinywea kiasi gani katika mpigo. Pima umerudi hadi wapi kabla ya mpigo unaofuata, maana hapo ndipo kasoro ya kushikilia inapojionyesha. Piga picha kila sekunde 5 hadi 10. Kwa sekunde 60 unapata picha moja au mbili kwa mpigo, na hazitoshi.

Ujazo hauendi popote. Uso wa juu unapofinyika, saitoplazimu husukumwa chini, kiini cha seli hushuka na seli hurefuka. Chukua mfano wa seli yenye wastani wa eneo la mikromita za mraba 40 na urefu wa 35: ujazo ni 1,400. Wastani huo ukishuka hadi 32, urefu sharti ufike karibu 44. Baadaye seli hufupika tena na kupanuka chini, ikawa kama kabari, na kabari nyingi zikipangwa pamoja safu hujikunja kuelekea ndani. Nakusihi usihukumu umbo la seli kwa uso wake tu. Uso ni upande mmoja. Bila kujua urefu huwezi kusema seli imebadilika umbo au imeinama tu.

Kuinama huko ndiko kunakokupotezea seli za katikati. Ukibana tabaka zote kuwa picha moja bapa, seli iliyoinama ukingoni mwa mfereji huonekana ndogo kuliko ilivyo, na iliyozama hutoka nje ya kina ulichorekodi. Rekodi tabaka kila mikromita 0.5 hadi 1, kisha iambie programu ifuate mkunjo wa uso. Kwa urefu wote wa seli, hadubini ya fotoni mbili itakufaa zaidi, kwa sababu kiini cha yai hutawanya mwanga. Pia usishtuke ukiona seli zinafinyika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa mwili. Mvutano ni mkubwa zaidi kutoka kichwa hadi mkia, hivyo seli hubaki zimerefuka kwa uelekeo huo.

Sasa viinitete visivyojikunja. Anza na jiki unayotumia kuondoa ganda la nje la yai. Nguvu yake hutofautiana, kwa hiyo soma kibandiko na uizimue ifikie asilimia 2.5 hadi 3 ya haipokloriti ya sodiamu. Loweka dakika 2 hivi. Vipembe viwili vilivyo juu ya ganda, upande wa mgongo, vikitoweka, ganda la nje limetoka. Suuza kwa maji mengi mpaka harufu iishe, kisha funika kwa mafuta ya halokaboni 27 kabla havijakauka. Upande wa tumbo, uliobinuka zaidi, uelekee lenzi.

Halafu kagua vioo vya kuegemeza, yaani vile vinavyokiinua kioo cha kufunikia kisikibonyeze kiinitete. Kioo chembamba cha namba 1 kina unene wa milimita 0.13 hadi 0.16, nacho kiinitete kina upana wa 0.18 hivi, kwa hiyo kinabonyezwa na umbo lake kuharibika kabla hujaanza. Namba 1.5, yenye 0.17, hugusa kidogo tu. Usizibe pande zote kwa rangi ya kucha: kiinitete kikikosa oksijeni husimama kukua, na pichani utadhani jeni ndiyo yenye kasoro.

Likibaki shaka juu ya mwanga wa leza, acha kiinitete ulichorekodi kwenye mafuta, kwa nyuzi 25, pamoja na vingine ambavyo hukuvipiga mwanga. Vyote vinapaswa kuanguliwa takribani saa 24 tangu kutagwa. Visivyopigwa mwanga vikianguliwa na vilivyopigwa vikafa, punguza leza kwanza, kisha urudie kurekodi.