Mashudu ya pamba: kwa wewe unayeanza kuuza au kulisha

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vyakula vya mifugo, najua wengi mko huku Mwanza, Igoma, Buhongwa, Kisesa, Misungwi huko, na wengine mmetoka chuo juzi tu, cha kwanza nawaambia ukitaka kuyajua mashudu anza kuiangalia pamba ikiwa bado shambani, bei ya dukani inakuja mwisho kabisa. Pamba karibu yote ya Tanzania inatoka huku kwetu, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Mara, Tabora, inapandwa kuanzia Novemba mvua zikikaa sawa, inavunwa kuanzia Mei Juni, alafu inaenda kiwandani kuchambuliwa. Kwenye kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani na mbegu zake, nyuzi ni kama theluthi tu, hizo kilo sitini na kitu zinazobaki ni mbegu, na mbegu ikishakamuliwa mafuta ndio unapata mashudu. Kwa hiyo mkulima wa Maswa au Kwimba mvua zikimkatalia, au bei ya msimu uliopita ikimkatisha tamaa akaamua kuhamia choroko na mpunga, wewe mwenye ng'ombe wa maziwa Nyegezi utakuja kuisikia mfukoni.

Na pamba yetu inapanda na kushuka vibaya sana. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000, msimu wa 2019/20 ikawa karibu tani 350,000, mwaka uliofuata tu ikadondoka mpaka kama tani 120,000. Sasa chukua hiyo picha uiweke pembeni ya mahitaji ambayo hayashuki, ng'ombe nchi nzima tunazungumzia zaidi ya milioni 35, wafugaji wa maziwa wa mijini wanaongezeka, watu wa kunenepesha ng'ombe wameshika kasi Shinyanga na Mwanza, alafu kuna malori ya mashudu yanayovuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya maana wenzetu viwanda vyao vya chakula cha ng'ombe wa maziwa vinayahitaji sana na wanalipa. Siwalaumu wanaouza nje, biashara ni biashara, ila mimi inaniuma kuona ng'ombe wa Misungwi anakonda kiangazi wakati chakula kimepita barabarani mbele ya boma lake. Mfugaji wa huku anatakiwa ajipange anunue mapema, Julai mpaka Oktoba viwanda vikiwa vinafanya kazi mzigo upo na bei inapoa, ukisubiri mpaka mbegu ziishe viwandani ndio utafute utakuta dalali amekaa na mzigo wote godauni na anakupangia bei yake.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe, hapa naomba mtulie maana ndipo pesa inapopotelea. Mashudu ya pamba sio kitu kimoja. Kuna yaliyokamuliwa mbegu ikiwa imetolewa maganda, hayo protini inafika asilimia 40 au zaidi, na kuna yaliyokamuliwa na maganda yake yote, hayo yanacheza kwenye 20 mpaka 25 na nyuzinyuzi zimejaa. Sokoni yote yanaitwa mashudu. Usiangalie bei ya kilo peke yake, piga hesabu ya protini, mfano tu, mzigo wa shilingi 600 wenye protini asilimia 25 maana yake kilo moja ya protini umeinunua 2,400, na ule wa shilingi 800 wenye asilimia 38 kilo ya protini inakuja kama 2,100, kumbe ule uliouona ghali ndio rahisi. Na nunua kwa kilo kwenye mizani, habari ya gunia achana nayo kabisa.

Ukifika kwenye mzigo chota kiganjani. Angalia rangi, ikiwa njano iendayo kahawia ni sawa, ikiwa nyeusi imeungua kwenye mashine na protini iliyoungua ng'ombe haimsaidii sana. Angalia vipande vyeusi vya maganda na manyoya meupe ya pamba ni kiasi gani. Kama yako kwenye vipande vigumu vunja kimoja, usitosheke na juu, ndani ndio utaona kama ukungu wa kijani umeanza, alafu nusa. Alafu chukua ndoo ya maji mwaga kidogo ukoroge, subiri, mwaga taratibu uone chini kumebaki nini, mchanga utauona wenyewe hauna pa kujificha. Muuzaji akikunjia sura kwa sababu unafanya hivyo ondoka.

Ukungu msiuchukulie poa jamani. Mashudu yakikaa na unyevu yanaota ukungu unaotoa sumukuvu, na hiyo sumu ng'ombe akila inapita mpaka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Hapa karibu na ziwa hewa ina unyevu, usiweke magunia sakafuni wala kuyaegemeza ukutani, weka juu ya mbao, acha hewa ipite, na yaliyoingia kwanza yatoke kwanza.

Jambo lingine ambalo wageni wa kazi hii mnalipuuza, pamba ina sumu yake ya asili inaitwa gosipoli. Ng'ombe mkubwa, mbuzi na kondoo wanacheua na tumbo lao linaipunguza makali, ila nguruwe, kuku na ndama mdogo ambaye tumbo la kucheua halijakomaa hawaiwezi. Inajikusanya mwilini taratibu, nguruwe unamuona anakula vizuri tu wiki kadhaa, baadaye anaanza kuhema kwa shida na anaweza kufa ghafla, mwenye banda anatafuta mchawi. Kuku wa mayai nao kiini kinaweza kugeuka rangi kuwa kama kijani au kahawia hasa mayai yakikaa stoo, na hapo mteja wako wa hoteli umempoteza. Kwa kuku na nguruwe tumia mashudu ya alizeti au soya, na dagaa kama bei inaruhusu. Hata dume la mbegu usilishindilie mashudu ya pamba kila siku, gosipoli inagusa uzazi wake.

Kwa ng'ombe wa maziwa mchanganyiko ambao wengi wanaanzia ni pumba za mahindi kilo 70, mashudu kilo 27, madini kilo 2, chumvi kilo 1, na majani yawepo ya kutosha maana huo ni mchanganyiko wa kuongezea tu. Kwa wa kunenepesha, watu wa huku wanatumia maganda ya pamba kama kijazio, mashudu, pumba na molasi, wanakaa nao kama miezi mitatu. Usimwingize ng'ombe aliyetoka mnadani moja kwa moja kwenye mzigo mzito, anza kidogo uongeze kwa wiki mbili hivi, na maji yawepo muda wote.

Anayetaka kuuza chakula kilichochanganywa ajue kuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, nenda kwa afisa mifugo wa halmashauri yako uulize taratibu za usajili kabla hujaprinti mifuko. Na ukianza kununua kwa tani peleka sampuli maabara, TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wanapima, au SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chota kutoka magunia tofauti tofauti juu katikati na chini uchanganye, usipeleke kiganja kimoja cha gunia zuri alilokufungulia muuzaji. Majibu yakitoka yabandike ukutani dukani, mteja akiuliza protini ngapi unamuonyesha.