Barua kwa mwanangu aliyeitwa mnihilisti

Goma, Jumapili jioni

Papa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kwamba katika zamu ya usiku huko Lubumbashi alifariki mtoto wa miaka miwili aliyeletwa malaria ikiwa imekwisha kumpanda kichwani, kwamba ulimfumba macho na kumfunika vizuri kabla ya kumwita mama yake, na kwamba asubuhi, mkinywa chai, ulimwambia daktari mwenzako kuwa haya yote hayana maana yoyote. Naye akakujibu, "Basi wewe ni mnihilisti." Sasa unaniuliza mimi, kwa kuwa nilifundisha falsafa darasa la sita la sekondari kwa miaka mingi, neno hilo lina maana gani, lilitoka wapi, na kama kweli linakuhusu. Sikutaka kukujibu kwa simu. Mambo ya namna hii yakisemwa haraka huharibika.

Neno lenyewe lina mzizi wa Kilatini, nihil, yaani "si kitu", "hakuna". Katika falsafa lilipata uzito mwaka 1799, pale Friedrich Heinrich Jacobi alipomwandikia barua Mjerumani mwenzake, Johann Gottlieb Fichte. Jacobi aliona kwamba akili inayokubali tu kile ilichokijenga yenyewe haibakiwi na kitu nje yake, awe Mungu, awe jirani, iwe dunia hii tunayoikanyaga. Inabaki ikitazama kivuli chake. Hali hiyo akaiita unihilisti. Fichte hakujiita hivyo. Naomba ulishike jambo hilo, maana historia ya neno hili inafanana na ya neno mchawi huku kwetu: mara nyingi halianzi kwa anayeitwa bali kwa anayeita, na ukitaka kulielewa huna budi kuuliza kwanza aliyelitamka alikuwa akiogopa nini.

Wazo ni la zamani kuliko jina. Gorgias, Mgiriki wa Sicilia wa karne ya tano kabla ya Kristo, alikwisha kudai kwamba hakuna kilichopo, kwamba kama kingekuwapo kisingejulikana, na kwamba kama kingejulikana kisingeweza kuelezwa kwa mwingine. Siku hizi wanafalsafa wanalitumia neno hili kwa mambo kadhaa: yuko anayekana kwamba kuna wema na ubaya wa kweli, yuko anayekana kwamba tunaweza kujua lolote, yuko anayekana kwamba maisha yana maana. Wewe asubuhi ile ulisema hilo la mwisho tu. Mwenzako amekuvika nguo yote kwa sababu ya kifungo kimoja.

Aliyelisambaza neno duniani ni Mrusi, Ivan Turgenev, katika riwaya yake ya mwaka 1862 inayohusu baba na wana. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kijana wa riwaya hiyo, Bazarov, alikuwa akisomea kazi yako. Rafiki yake anaeleza kwamba mnihilisti ni mtu asiyeinama mbele ya mamlaka yoyote na asiyepokea kanuni yoyote kwa imani tu, hata kama kanuni hiyo inaheshimiwa namna gani. Bazarov anapasua vyura ili ajue mwili unavyofanya kazi, na anasema kwamba mkemia mzuri anafaa mara ishirini kuliko mshairi yeyote. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1861, tsari, yaani mfalme wa Urusi, alikuwa amewaachia huru wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa mashamba, na vijana waliosoma walikuwa wakiwauliza wazee wao: kama hilo mlilotufundisha kuwa ni agizo la Mungu limefutwa kwa karatasi moja, ni yapi mengine tutakayoyafuta? Sioni kosa katika swali hilo. Mimi mwenyewe ningeliuliza.

Lakini tazama Bazarov anavyokufa. Anamfanyia uchunguzi maiti wa mkulima aliyekufa kwa homa ya taifasi, anajikata kidole, na daktari wa wilaya hana dawa ya kukiunguzia kidonda. Saa nne zinapita kabla hajafika nyumbani kumwomba baba yake dawa hiyo, na yeye, kwa kuwa ni mganga, anajua kwamba muda umekwisha. Kijana aliyesema hainamii kitu anauawa na kabati tupu la dawa. Wewe unazijua kabati hizo kuliko Turgenev. Kisha riwaya inaishia makaburini, wazee wawili wakishikana mikono, baba na mama yake, wanakuja kupiga magoti na kulia mahali alipolala. Kila mwaka nilipofundisha ukurasa huo darasa lilinyamaza, na kila mwaka nilimfikiria mwana wangu.

Vijana halisi wa Urusi waligawanyika. Dmitri Pisarev alilipokea jina hilo kwa fahari. Sergei Nechayev aliligeuza kuwa ukatili, akamuua mwanafunzi mwenzao mwaka 1869 pamoja na wafuasi wake. Tsari Alexander II alipouawa kwa bomu huko Saint Petersburg mwaka 1881, watu wa nchi za nje waliwaita waliomuua wanihilisti, ingawa kwa kweli walikuwa na imani kubwa mno juu ya wananchi na ardhi. Wanaoamini sana ndio waliotupa bomu. Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa kwamba mtu huua kwa ajili ya anachokiamini mara nyingi zaidi kuliko kwa kutoamini.

Sasa Friedrich Nietzsche, ambaye wengi humtaja kama nabii wa unihilisti, na wanamkosea. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, akampoteza baba yake kabla ya kufikisha miaka mitano. Katika kitabu chake cha mwaka 1882 anasimulia kisa cha mwendawazimu aliyewasha taa asubuhi jua likiwaka, akakimbilia sokoni akilia kwamba anamtafuta Mungu. Watu wa sokoni, ambao hawakuwa na imani, walimcheka wakimuuliza kama Mungu amepotea au amepanda meli. Yule mtu akawaambia kwamba Mungu amekufa na kwamba ni sisi tuliomuua; kisha akawauliza ni nani aliyetupatia sifongo ya kufuta upeo wote wa macho. Hawakuelewa. Akaitupa taa chini, ikavunjika, akasema amekuja mapema mno. Ukisoma kisa hicho polepole, utaona kwamba mwenye uchungu ni mwendawazimu, na wanaocheka ni wale waliokwisha kuacha kuamini bila kuhesabu gharama yake.

Katika daftari zake za mwaka 1887, zilizochapishwa baada ya kifo chake, Nietzsche aliandika maana ya unihilisti kwa kifupi: kwamba thamani zile za juu kabisa zinapoteza thamani yake, kwamba lengo limekosekana, kwamba swali "kwa nini?" halipati jibu. Hiyo ni kazi unayoifanya wewe kitandani kwa mgonjwa: kutaja ugonjwa kwa jina lake. Alitofautisha unihilisti wa mtu aliyechoka, anayetaka tu kulala na kuachwa, na ule wa mtu mwenye nguvu anayevunja nyumba iliyooza kwa sababu hataki imwangukie. Alionya pia kuhusu wale wanaomtoa Mungu kwenye kiti kisha wanakiacha kiti hicho palepale na kumkalisha mwingine, iwe dhamiri, akili, jamii au historia. Mimi ninaendelea kwenda misa, na sikubaliani naye kuhusu Mungu. Lakini nasema wazi kwamba hakuna mhubiri aliyewahi kunieleza vizuri kuliko yeye jinsi mtu anavyoweza kubaki kanisani huku lengo limekwisha kumtoka.

Na Biblia yenyewe haikuogopa jambo hili. "Ubatili mtupu," asema Mhubiri, "mambo yote ni ubatili." Neno la Kiebrania lililotafsiriwa hivyo lina maana ya pumzi au mvuke, kitu unachokiona lakini mkono haukishiki. Mzee huyo haondoi kauli yake kwa haraka ili atufariji. Anairudia sura baada ya sura, na katikati yake anatuambia tule mkate wetu kwa furaha, na lolote ambalo mkono utapata kulifanya, tulifanye kwa nguvu zetu.

Albert Camus nilikuwa nikimfundisha mwisho, wiki za kabla ya mtihani wa serikali. Alizaliwa Algeria mwaka 1913, baba yake akafa vitani mwaka uliofuata, mama yake akawa msafishaji katika nyumba za watu na hakujua kusoma. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, alitoa kitabu kuhusu Sisyphus, yule ambaye miungu ilimhukumu kusukuma jiwe hadi juu ya mlima, na kila likifika linaporomoka. Camus anasema ulimwengu haujibu tunapouliza, na kwamba mtu anaweza kulijua hilo na bado akakataa kujiua na kukataa kujidanganya; hivyo tumfikirie Sisyphus kuwa mwenye furaha.

Wanafunzi wangu walikuwa wakitazama dirishani, ambako vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, walikuwa wakipita na kabichi za Kibumba, na kila mwaka mmoja wao alisema, "Mwalimu, Sisyphus ndiye huyo." Nilikubali kwa miaka mingi. Sasa sikubali tena. Yule wa chukudu jasho ni lilelile na kilima ni kilekile, lakini juu ya ule ubao kuna kabichi ambazo jioni zitakuwa kwenye sufuria ya mtu. Sisyphus hampelekei mtu kitu. Miungu ilimwadhibu kwa jiwe, lakini adhabu yenyewe hasa ni kwamba hakuna anayemngoja chini wala juu. Naona Camus alilipita jambo hilo haraka mno.

Hapo ulipo, mwaka 1945, mji ukiitwa Elisabethville, kilichapishwa kitabu cha padri Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu, kikidai kwamba kwetu mtu hayupo peke yake bali ni nguvu iliyofungwa na nguvu nyingine. Paulin Hountondji wa Benin alikikosoa kwa haki, kwamba kinawatia watu wote wazo moja mdomoni. Kwa hiyo sitakuambia kwamba Mwafrika hawezi kuwa mnihilisti. Anaweza. Nimewaona, na tangu Januari ya mwaka 2025, vita vilipoingia mjini, nimewaona zaidi.

Wewe hukumbuki Januari ya mwaka 2002, ulikuwa na miaka minne. Volkano yetu, Nyiragongo, ilipopasuka tarehe 17 nilikuvusha mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, ukiwa mgongoni. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linatoa moshi, na soli ya kandambili yangu ililainika nilipokanyaga. Babu yako, ambaye una jina lake, alikuja na kamba. Alipima kiwanja chake juu ya lava, na kabla ya saa sita alikuwa anagombana kwa sauti na jirani kuhusu mpaka, hatua mbili upande huu au upande ule. Wageni walituandika kwamba sisi ni watu wavumilivu. Neno hilo silipendi, linamfanya aliyetuacha ajisikie vizuri. Babu yako hakuwa mvumilivu siku ile, alikuwa na hasira, na usiku alisema mbele yangu maneno uliyoyasema wewe kwa mwenzako, kwamba haya yote hayana maana. Asubuhi alirudi na kamba yake. Sikumwona akiwa ametatua lolote kati ya usiku na asubuhi.

Swali lako la tatu, basi. Ulisema kwamba sababu ulizofundishwa hazikutosha mbele ya kitanda kile, na ulisema kweli. Sina nyingine ya kukutumia. Lakini uliandika pia kwamba hujui kwa nini ulimfunika yule mtoto vizuri. Sijui kama jambo hilo linahitaji sababu. Najua tu kwamba ulilifanya kabla hujaenda kunywa chai.

Ila kama hulali, kama chakula hakipiti, kama asubuhi unaona afadhali usiamke, hiyo si falsafa tena, papa, na usiifanye falsafa. Mwambie daktari, na uniambie mimi siku hiyohiyo.

Nijibu, na katika jibu lako niandikie ulimwambia nini mama wa mtoto alipoingia.

Mama yako