Mwenye kuweka sheria ni nani, na mahakama inaingia wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Baba amefariki hapa Magomeni. Ameacha mjane, mama yake mzazi, kaka yetu mmoja na sisi mabinti wawili. Kikao cha familia kimeamua nyumba apewe kaka. Nikisema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuweka sheria, naambiwa: mbona basi unatupeleka mahakama ya serikali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Wanazuoni wa usul, yaani misingi ya fiqhi, humwita Mwenyezi Mungu Ash-Shaari, Mweka sheria. Hata mujtahidi, mwanazuoni aliyefikia daraja ya kutafuta hukumu mwenyewe, hatungi hukumu, huitoa kwenye dalili. Ila yapo yaliyoachiwa wenye mamlaka, kama taa za barabarani na usajili wa vizazi, nao hutiiwa (An-Nisaa 4:59) maadamu hawajaamrisha maasi.

Mafungu ya mirathi hayamo humo. Aya ya 11 na 12 za sura hiyo hiyo zimeyataja kwa hesabu. Toeni kwanza gharama za maziko, kisha madeni (mahari ambayo mama yenu hajalipwa ni deni, na wengi hulisahau), kisha wasia usiozidi theluthi. Tuseme imebaki milioni 48, nyumba ikiwemo. Mjane ana thumuni (1/8), milioni 6. Bibi yenu ana sudusi (1/6), milioni 8. Zilizobaki, milioni 34, ni mafungu manne: kaka mawili, milioni 17, na kila binti moja, milioni 8.5.

Kikao kilipoyafuta hayo kilijipa cheo cha Mweka sheria. Kazi yake halali ni kupendekeza msimamizi na kuorodhesha mali na madeni. Mahakama ya Mwanzo nayo humteua msimamizi na kutoa tangazo ili mwenye pingamizi asikilizwe. Huo ni utaratibu wa kulinda haki, kama Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alivyoanzisha daftari za diwani, yaani orodha za askari na malipo yao, bila kuongeza kitu katika dini. Mwelezeni hakimu kwamba marehemu aliishi Kiislamu na mnataka mgawo wa Kiislamu. Mkinyamaza, mila inaweza kutumika.

Kaka akiitaka nyumba, ithaminiwe, awalipe wenzake. Anayesamehe fungu lake asamehe akiwa baleghe, amelijua, na kwa hiari. Kunyamaza kwa kuwaogopa wajomba na mashangazi si ridhaa. Kama mlishatia saini muhtasari wa kikao kabla ya kujua haki zenu, wekeni pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa.